Barua Iliyosomwa Mbele ya Wazee

Nairobi
4 Machi 1996

Mdogo wangu Naima,

Assalaam aleikum. Huku sote tunaendelea vizuri, wifi yako anakusalimu, baridi tu ndiyo inatuonea. Msalimie shemeji Mashaka, na umbusu mpwa wangu Najma, ambaye nasikia ametimiza miaka sita na hakuna mkubwa anayemshinda kwa majibu.

Picha ya eksirei ya kichwa uliyomkabidhi kondakta wa basi imenifikia bila kukunjwa. Nimeiweka kwenye kioo cha taa pale kazini nikaikagua mwenyewe, ya mbele na ya ubavuni, kipande kwa kipande. Miaka kumi na tatu sasa kazi yangu ni kupiga picha za watu, Naima. Nimeona mafuvu yaliyopasuka na mafuvu yaliyoliwa na maradhi. La kwako ni safi. Ningeona hata ufa mwembamba ningekwambia.

Kwa hiyo hilo jicho na hiyo miguu ni mawazo. Una mume mwenye kazi bandarini, una mtoto, unaishi Tabata kwenye nyumba yenye umeme. Punguza kuwaza, sali kwa wakati, na ukisikia mwili mzito jilazimishe kunyanyuka.

Habari njema ni kwamba hospitali yetu imefunga mashine mpya ya sumaku, inaitwa MRI. Haina mionzi kabisa. Eksirei inaona mfupa, hii inaona nyama laini, ubongo wenyewe hadi uti wa mgongo, kama umekatwa vipande vyembamba. Nimechaguliwa mimi na mwenzangu mmoja kufundishwa kuiendesha. Marehemu Baba angekuwepo angefurahi.

Kaka yako,
Twalib Marijani


Temeke, kwa Shangazi Hamisa
2 Aprili 1996

Kaka Twalib,

Shikamoo. Watu huanza barua kwa kusema wao hawajambo, hofu ni kwa anayeandikiwa. Mie nina jambo, na hofu juu yako iliniisha Jumapili ya tarehe 24 mwezi uliopita, baada ya sala ya alasiri, sebuleni kwangu Tabata, mbele ya wazee saba.

Kumbe uliandika barua mbili. Ya kwangu ilikuwa na wifi na baridi. Ya pili ulimwandikia Mashaka, na Mashaka aliitoa kwenye mfuko wa shati baada ya kahawa. Unajua kwetu barua ya mtu aliye mbali inavyosomwa kikaoni: watu wanaweka vikombe chini na kunyamaza, kama mwenyewe kaingia na kuketi. Baba hayupo, walii wangu, msimamizi wa ndoa yangu, ni wewe. Na juu ya hapo wewe ni mtu wa hospitali. Mashaka akasoma:

"Dada yangu namfahamu. Tangu utoto akitaka kukwepa jambo huanguka. Picha ya kichwa chake nimeikagua mimi mwenyewe na haina kasoro. Msimdekeze."

Nimeyashika neno kwa neno kwa sababu yalisomwa mara mbili. Bi Hija, mama mkwe wangu, aliomba yarudiwe, eti masikio yake siku hizi mazito. Yaliporudiwa akasema, "Si niliwaambieni nyie? Mwanamke gani huyo anaumwa wakati wa kupika tu?" Mzee Nassibu, ami yake Mashaka, ndiye aliyeongoza kikao. Akasema kama kaka wa mwenyewe, tena mtaalamu, amesema hivi, sie wengine tuna la kuongeza? Wakakata shauri mie nije Temeke kwa Shangazi nikapumzike mpaka niache mchezo, na Najma apelekwe Boko kwa bibi yake.

Wakaondoka naye palepale. Bi Hija alimvalisha viatu mlangoni huku mtoto ananiita, na mie nimekaa kwenye mkeka. Sikunyanyuka kwa sababu miguu haikunyanyuka, Kaka. Wazee wakadhani nimesusa.

Sasa nisikilize, maana kabla ya kunitolea ushahidi hukuniuliza hata swali moja. Oktoba 1994 jicho la kushoto liliuma nikiligeuza, kisha likafunga ukungu, nyekundu nikaiona kama kahawia iliyofuliwa sana. Baada ya wiki sita likarudi, ila si lote. Julai 1995 ganzi ilipanda kutoka nyayo hadi kiunoni, nikawa nakanyaga bila kujua nimekanyaga nini. Ikaondoka. Mwaka huu, siku chache baada ya Idi, mguu wa kulia ukagoma kwenye kanyagio la cherehani. Tangu mitumba iruhusiwe watu wa Dar wanavaa nguo zilizovaliwa Ulaya, wateja walionibakia ni wa sare za shule, na hao nao nimewarudishia vitambaa vyao. Nani anajifanya mgonjwa ili afukuze wateja wake mwenyewe?

Kila nikifika hospitali nimeshapata nafuu, daktari ananigonga goti na kuniambia niende nyumbani. Ndiyo hivyo ugonjwa wenyewe ulivyo, unakuja na kuondoka, na unapoondoka unaniacha mie mwongo.

Sikwambii haya unihurumie. Waandikie wale wazee uifute barua yako, mwanangu arudi.

Naima


Nairobi
20 Aprili 1996

Naima,

Barua yako nimeisoma na nimeiweka kando siku tano ili nisikujibu kwa hasira. Mimi ni mkubwa wako. Hata kama una uchungu, kalamu ina adabu yake.

Mashaka aliniandikia kama mwanamume kwa mwanamume, akaniuliza ukweli ninaoujua. Nilimjibu. Sikuomba barua isomwe kikaoni wala sikusema mtoto achukuliwe, hayo waulize wao. Lakini siwezi kufuta nisichokosea. Siku ya khitma yako ya kuhitimu Kurani, ulipokuwa na miaka kumi na moja, ulianguka mbele ya mwalimu kabla hujafungua msahafu, na jioni ileile ukaonekana unaruka kamba uani. Nani aliizua hiyo? Na picha ni safi. Sikuichora mimi.

Nimejaribu kukusaidia vilevile. Nilimweleza daktari wetu mkuu wa picha hizo dalili zako bila kutaja jina. Akasema kwa Mzungu angefikiria ugonjwa fulani wa neva, lakini huo ni wa watu wa nchi za baridi, hauwapati Waafrika. Basi unataka nikutafutie ugonjwa ambao kwetu haupo?

Rudi kwa mumeo, mpikie, mwonyeshe kwamba umebadilika. Mtoto atarudi mwenyewe.

Twalib


Zahanati ya macho, Temeke
6 Mei 1996

Ndugu Twalib Marijani,

Mimi ni daktari wa macho. Dada yako Naima alikuja kwangu mwezi uliopita akiwa ameshikwa mkono na shangazi yenu, na amenipa ruhusa ya kukuandikia. Ameniruhusu pia nisome barua zako. Samahani kwa hilo, lakini nimezisoma, na ndiyo maana barua hii haitakuwa tamu.

Nimeangalia ndani ya jicho lake la kushoto. Neva inayotoka kwenye jicho kwenda kwenye ubongo imepauka upande mmoja. Nikimulika tochi jicho hilo, mboni inachelewa kusinyaa. Mtu anaweza kujiangusha mbele ya mwalimu wake wa Kurani, hilo nakubali, nami niliwahi kufanya hivyo seminarini. Lakini hakuna binadamu anayeweza kuipausha neva yake kwa kukwepa kupika.

Kuhusu kupika: joto la jiko, jua la saa nane na maji ya moto humzidishia mtu mwenye maradhi haya udhaifu, akipoa hupata nguvu tena. Mama mkwe wake aliliona kweli jambo hilo. Alichokosea ni maana yake.

Nakuja kwenye hiyo picha yako safi. Eksirei ya fuvu inaonyesha mfupa. Wewe unalijua hili kuliko mimi, kwa sababu ndiyo kazi iliyokupa mshahara miaka kumi na tatu. Umeangalia chungu kwa nje ukawaandikia wazee cheti kwamba mchuzi haukuchacha. Kama ungekuwa fundi bomba nisingekulaumu.

Ninachoshuku ni kwamba kinga ya mwili wake inakula utando wa mafuta unaofunika neva, kama panya anavyokula plastiki ya waya wa umeme. Taarifa za ubongo zinapotea njiani. Utando ukijirekebisha anapata nafuu, ukiliwa mahali pengine anaanguka upya. Ushahidi wa kuonekana kwa macho unapatikana kwenye mashine moja tu, ile unayoiendesha wewe. Dar es Salaam hatuna.

Na huyo daktari wako mkuu anayesema hauwapati Waafrika, mwulize amewapiga picha Waafrika wangapi kabla ya kusema hivyo. Nimechoka na maradhi yanayokosa jina kwa sababu tu aliyeyapata ni fundi cherehani wa Tabata.

Wiki hii amepata shambulio jingine. Ganzi imeanzia shingoni na kushuka mkono wa kulia. Barua ninayokutumia nimeiandika mimi, lakini yeye alijaribu kuongeza salamu chini yake. Hiyo mistari isiyosomeka unayoiona ndiyo salamu zenyewe.

Wako,
Dk. Adelard


Nairobi
25 Mei 1996

Mdogo wangu,

Njoo. Nimezungumza na wakubwa zangu, wamekubali Jumamosi ya tarehe 15 Juni, siku ambayo mashine hufanyiwa majaribio na haina wagonjwa. Wifi yako atawapokea stendi wewe na Shangazi.

Usije na chuma chochote mwilini. Sumaku hii inavuta mpaka mkasi mfukoni. Vua pete, hereni, bangili, pini za ushungi, vibanio vya nywele, na kama Shangazi amekufunga hirizi yenye kikopo cha bati iache Temeke. Utalala chali ndani ya kitu kama bomba kubwa, utasikia makelele ya kugongwagongwa, usitikisike. Katikati nitakudunga dawa kwenye mshipa.

Salamu zako chini ya barua ya daktari nimeziona. Nilimwonyesha wifi yako, naye akaenda kuwatandikia kitanda.

Twalib


Nairobi
30 Juni 1996

Kwa Mzee wangu Nassibu, Boko,

Shikamoo mzee. Baada ya salamu, nakuarifu kuwa dada yangu Naima alifika hapa tarehe 15 na tukamfanyia uchunguzi kwa mashine ya kisasa. Nimeona ni wajibu wangu kukueleza matokeo kwa kuwa wewe ndiye uliyeongoza kikao.

Kwa bahati mbaya imeonekana kuna ugonjwa wa neva ulioanza hivi karibuni, mnamo mwezi wa tano. Kwa hiyo niliyoyaandika mwezi wa tatu yalikuwa sahihi kwa wakati ule, ila sasa hali imebadilika. Kuhusu jicho analolalamikia tangu 1994, picha haikuthibitisha kitu.

Naomba wazee mlitazame upya suala la mtoto kwa busara zenu. Mimi sina ugomvi na upande wowote.

Mwanao,
Twalib Marijani


Temeke
19 Julai 1996

Kaka Twalib,

Mzee Nassibu ni mstaarabu. Alimtuma mtu aniletee nakala ya barua yako, akasema mwenye habari zake asizisikie mtaani. Nimemwamkua kupitia huyo aliyeileta, na wewe sikuamkui leo.

"Sahihi kwa wakati ule." Nimeisoma kwa jicho langu la kulia, kisha nimemwomba Shangazi anisomee, isije ikawa ni ukungu.

Nilikuwepo, Kaka. Nililala kwenye lile bomba dakika arobaini na tano, nyundo zinalia masikioni, nikawa nahesabu mishono ya sare ya shule ili nisitikisike. Uliponitoa hukuniangalia machoni. Ulinibeba mgongoni mpaka kwenye teksi, mie na miaka yangu thelathini na mbili. Halafu ulilia jikoni. Wifi alikuona, na Shangazi alikusikia mpaka chumbani. Nikasema moyoni, basi, nimeshampata kaka yangu, mengine yatakuja. Kumbe ulipomaliza kulia ulinawa uso, ukakaa mezani, ukatafuta namna ya kunipa ugonjwa bila wewe kukosea.

Ripoti ninayo. Wifi aliniwekea kwenye begi, usimgombeze. Daktari Adelard amenifasiria kwa Kiswahili, mstari baada ya mstari, na nimemfanya arudie. Mabaka meupe tisa. Mengi yamejipanga kandokando ya vyumba vya maji vya ubongo, moja liko ndani ya uti wa mgongo shingoni. Ile dawa uliyonidunga hunywewa na mabaka mapya tu, nayo huwaka. Limewaka moja. Hilo la shingoni ndilo la mwezi wa tano, mkono wangu. Mengine manane hayakuwaka. Nikamuuliza daktari, ina maana gani hayakuwaka? Akasema ni makovu, hayana tarehe ya siku lakini yametangulia. Nane, Kaka. Yalikuwa humu kichwani mwangu siku ulipoiweka eksirei kwenye taa yako, na siku Bi Hija alipoomba barua irudiwe. Mashine yako yenyewe imesema niliumwa mara nyingi, na wewe umemwandikia Mzee Nassibu niliumwa mara moja.

Na jicho. "Picha haikuthibitisha kitu." Ripoti inasema picha ya macho iliharibiwa na kitu chenye madini kwenye kope, haikusomeka. Unajua ni nini, maana wewe ndiye uliyenifuta kwa pamba baadaye. Wanja. Alfajiri ya kuingia kwenye mashine Shangazi alinipaka wanja jicho bovu, safu mbili, na dua juu yake, kwa kuwa tangu tukiwa watoto kwetu jicho likiuma hupakwa wanja. Ulituandikia pini, hereni, hata kikopo cha hirizi, ila wanja hukuuwaza, na mie sikujua una chembe za chuma. Shangazi mpaka leo anajilaumu, hali vizuri. Nimemwambia asijilaumu, yeye alipaka jicho. Wewe ndiye uliyelipaka uongo. Kutosomeka na kutokuwepo ni vitu viwili, na wewe ni mtu wa picha.

Unanikumbusha khitma. Nikwambie. Ni kweli nilijiangusha. Nilikuwa sijahifadhi, nikaogopa bakora. Mtoto wa miaka kumi na moja alidanganya siku moja na amelipia mpaka leo, sasa analipa kwa mwanawe. Wewe umedanganya ukiwa na miaka arobaini na koti jeupe.

Sitaki busara za wazee. Sitaki ukae katikati usiwe na ugomvi. Nataka uandike barua nyingine, ipite njia ileile ya mwanzo: kwa Mashaka, aitoe mfuko wa shati, aisome yeye, mbele ya wale saba, na Bi Hija akitaka irudiwe irudiwe. Usipoandika nitabeba hizi picha na mkongojo wangu mpaka mahakama ya mwanzo Kinondoni, na jina la kwanza la shahidi nitakaloomba liitwe ni lako.

Najma hajalala kwangu siku mia na kumi na saba.

Naima


Nairobi
8 Agosti 1996

Kwa shemeji Mashaka, isomwe mbele ya Mzee Nassibu na wazee wote waliokuwepo Tabata tarehe 24 Machi.

Assalaam aleikum. Nimewaandikia barua mbili juu ya dada yangu. Ya kwanza ilikuwa na kosa. Ya pili ilikuwa na uongo.

Eksirei niliyoikagua haiwezi kuonyesha ubongo. Nilijua hivyo siku niliyoandika, kwa kuwa ni kazi yangu kujua. Niliandika kwa mazoea, na kwa sababu ilinipendeza kuulizwa kama mtaalamu.

Picha za mashine ya sumaku nimezipiga mimi, na daktari mkuu amezisoma. Zinaonyesha Naima ameshambuliwa zaidi ya mara moja, na mashambulio ya zamani yalitangulia barua yangu. Picha peke yake haitoshi kutaja ugonjwa, lakini daktari mkuu ameziweka pamoja na jicho lililopauka na historia yake nzima, akafuta maradhi mengine kwa vipimo vya damu na maji ya uti wa mgongo tulivyomchukua alipokuwa hapa, na amekubali ni ule ugonjwa aliosema hauwapati Waafrika. Jina lake kwa kifupi ni MS. Hauambukizi. Si wa kurogwa. Si wa uvivu. Hauna dawa ya kuumaliza, zipo za kutuliza shambulio.

Siku Najma anavalishwa viatu mama yake hakususa. Alikuwa hawezi kusimama.

Ushahidi wangu wa mwezi wa tatu naufuta wote. Mliamua kwa kuniamini mimi, na mimi sikustahili kuaminiwa katika jambo hili. Naomba radhi kwa wazee, na kwa Naima kabla ya wazee.

Twalib Marijani


Temeke
2 Septemba 1996

Kaka Twalib,

Shikamoo. Leo nakuamkua.

Barua yako ilisomwa Jumapili ya tarehe 25 Agosti. Mashaka aliisoma mwenyewe kama nilivyotaka. Alipofika kwenye viatu akaomba maji, akaendelea. Bi Hija hakuomba irudiwe.

Usidhani yaliishia hapo. Barua ilipomaliza kusomwa, Bi Hija akakohoa akasema, "Haya, kama ni mgonjwa kweli, tena ugonjwa hauna dawa, ndiyo kabisa. Ataleaje mtoto mtu wa mkongojo?" Kaka, nilihisi damu inapanda kwenye mabaka yote tisa. Mwezi wa tatu nilinyang'anywa mtoto kwa kuwa si mgonjwa, sasa naambiwa nimkose kwa kuwa ni mgonjwa. Kabla sijafungua kinywa Shangazi Hamisa alishakifungua chake. "Hija, sema unamtaka mjukuu, tukuelewe. Usitafute ugonjwa wa kumfunikia."

Wazee wakaanza kunong'onezana. Mzee Nassibu akawanyamazisha. Akasema uamuzi wa mwanzo ulisimama juu ya barua moja, mwenye barua kaichukua barua yake, kwa hiyo uamuzi hauna pa kusimama, na habari ya mkongojo haikuletwa mwezi wa tatu wala hataipokea leo. Nilimwangalia yule mzee nikatamani kumshonea kanzu, laiti mkono wangu ungekuwa wa zamani.

Mashaka amemleta Najma Jumatano, na kifurushi cha nguo zake. Alikaa barazani muda mrefu akiizungusha kofia mikononi. Ameniomba msamaha na ananitaka nirudi Tabata. Nimemwambia nitafikiri, na kweli nafikiri, sijui jibu. Daktari Adelard ameniandikia zile dawa za kutuliza, mkono umeanza kushika kijiko na leo umeshika kalamu, kama unavyoona. Cherehani nimempa binti wa jirani anisaidie kukanyaga, mie nashika kitambaa.

Ninachotaka kukwambia ni cha jana.

Jana mchana palikuwa na joto, nikawasha jiko mwenyewe kwa ubishi, nimpikie mwanangu wali wa nazi. Nazi sijamaliza kukuna, miguu ikaisha. Nikakaa chini palepale jikoni. Najma akaja akasimama mlangoni. Hakunikimbilia kama zamani. Akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, kama mtu anayekagua kitu sokoni, akaniuliza, "Mama, unaumwa kweli au unajifanya?"

Nikamwambia naumwa kweli, mwanangu, niletee maji.

Akaniambia, "Bibi alisema utajibu hivyohivyo. Kasema hata mjomba wa Nairobi anajua."

Maji aliyaleta. Akayaweka mbali kidogo na mkono wangu, akakaa kuangalia kama nitanyanyuka kuyafuata.

Nimemwonyesha ile filamu kubwa dirishani. Nimemhesabia mabaka yote, akahesabu nami mpaka tisa, kisha akasema hayo ni mawingu. Wazee saba wameridhika, daktari wako mkuu ameridhika, mahakama ingeridhika. Amebaki huyu mmoja, na yeye hana habari na filamu wala na ripoti, anachokumbuka ni neno la mjomba wake.

Barua uliyoandika ni nzuri, nimeitunza. Kwa huyu usiandike. Hajui kusoma. Njoo.

Mdogo wako,
Naima